Lot, Dordogne, Cévennes au Morvan: ukitaka kutembea kwa miguu vijijini Ufaransa, uende wapi?

Mtu akipanga kwenda kutembea kwa miguu vijijini Ufaransa, huanza kwa kuuliza ni wapi pazuri zaidi. Swali hilo halimfikishi mbali, maana nchi ile imejaa pazuri. Mimi humrudishia maswali mawili. La kwanza: unataka kulala kitanda kimoja wiki nzima, utoke asubuhi na kurudi jioni, au unataka kila usiku ulale kijiji kingine? La pili: maji utayatoa wapi? Akishajibu hayo, sehemu za kwenda zinabaki chache na uamuzi unakuwa rahisi.

Nitalinganisha sehemu nne: bonde la mto Lot pamoja na tawi lake la Célé, bonde la Dordogne, milima ya Cévennes, na misitu ya Morvan kule Bourgogne. Zote zina vijiji vya mawe, misitu na mito, na picha zake ukizichanganya mezani utapata shida kuzitenganisha. Kinachozitofautisha hasa ni mwamba ulio chini. Lot na Dordogne zimekaa juu ya mawe ya chokaa, ambayo hunywa mvua yote na kuipeleka kwenye mapango. Ukiwa juu ya uwanda wake unaweza kutembea asubuhi nzima usikute hata kijito, na vijiji vingi vimejipanga chini, kandokando ya mto. Morvan na sehemu ya juu ya Cévennes ni itale, jiwe lisilopitisha maji. Huko chemchemi ziko kila upande, nyumba zimetawanyika, na matope hayakosekani. Kivuli, chakula na umbali kati ya kitanda na kitanda, vyote hutegemea mwamba huo.

Yanayofanana kote

Njia za miguu huwekewa alama chini ya usimamizi wa FFRandonnée, shirikisho la watembeaji ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1947. Wanaopaka rangi ni watu wa kujitolea, na kwa jumla wanatunza zaidi ya kilomita 180,000. Alama ni za kujifunza mara moja tu. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni GR, yaani njia ndefu inayovuka mikoa. Wa njano juu ya mwekundu ni GRP, njia inayozunguka eneo moja kwa siku kadhaa. Mstari mmoja wa njano ni PR, matembezi ya saa chache au siku moja, ambayo mara nyingi hukurudisha ulikoanzia. Ukiona rangi hizo zimepigwa msalaba, umekosea njia. Geuka mpaka alama ya mwisho uliyoiona sawasawa.

Chukua ramani ya IGN, taasisi ya taifa ya ramani, ya 1:25,000, ambamo sentimita moja ni mita 250. Simu ni nzuri, lakini mabonde haya ni ya kina na mtandao hukatika, hasa Cévennes na juu kwenye bonde la Célé.

Kuhusu maji, kuna jambo ambalo watembeaji wa Ufaransa huambiana: tafuta makaburi. Karibu kila kijiji, hata kile ambacho hakina duka wala mgahawa, kina makaburi yenye ukuta, na ndani ya lango kuna bomba ambalo watu hulitumia kumwagilia maua ya marehemu wao. Ingia kwa adabu, jaza chupa, funga lango. Ila soma kwanza kibao: penye maneno *eau non potable*, maji hayo si ya kunywa.

Halafu kuna salamu. Kijijini Ufaransa kila unayekutana naye njiani husalimiwa *bonjour*, na ukiingia dukani unasalimia kwanza kabla ya kutaja shida yako. Mtu aliyelelewa kwenye Kiswahili hahitaji kufundishwa hilo. Nalitaja kwa sababu waliokaa mijini Ulaya muda mrefu husahau, halafu wanalalamika kwamba wanakijiji wana nyuso ngumu.

Lot na Célé: kwa anayetaka kulala kijiji kipya kila siku

Hapa ndipo ninapompeleka anayekwenda kwa mara ya kwanza, na sababu kubwa ni vitanda. Bonde la Lot linapitiwa na GR65, njia ya mahujaji inayotoka Le Puy-en-Velay kwenda Saint-Jean-Pied-de-Port mpakani mwa Hispania, kiasi cha kilomita 750. Askofu Godescalc wa Le Puy aliondoka mjini kwake mwaka 950 kwenda kuhiji Santiago de Compostela, Hispania, na watu wameendelea kupita tangu hapo. Mwaka 1998 UNESCO iliziingiza njia za Santiago zilizoko Ufaransa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Faida yake kwa mtembeaji wa leo ni kwamba kila baada ya kilomita chache kuna *gîte d'étape*, nyumba ya wageni yenye mabweni au vyumba vidogo, ambapo unapewa chakula cha jioni, kitanda na kifungua kinywa kwa bei moja. Mara nyingi bei hiyo huwa kati ya euro 45 na 60. Mnakula meza moja, mkulima, mwalimu mstaafu, mwanafunzi, na huwezi kubaki mgeni mezani hata ukiwa na Kifaransa cha kuombea maji. Zipo pia kampuni zinazobeba begi lako kwa gari hadi kituo kinachofuata, ubaki na kifurushi kidogo cha mchana.

Ukifika Figeac, mji aliozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, yule aliyefungua siri ya maandishi ya Misri ya kale, njia inakupa uchaguzi wako wa kwanza. GR65 yenyewe huenda Cajarc ikipita juu ya uwanda. Tawi la GR651 huteremka kwenye bonde la Célé. Mimi ningeteremka. Uwanda ule, wenyewe wanauita *causse*, una uzuri wake: mialoni mifupi, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, vibanda vidogo vya mviringo vya wachungaji vilivyoezekwa kwa mawe yaleyale, na kondoo weupe wenye duara jeusi kila jicho, utadhani wamevaa miwani. Lakini mchana wa Julai hakuna kivuli cha maana, na maji ni yale uliyobeba. Bondeni kuna mto, na vijiji vimeegemea majabali: Espagnac-Sainte-Eulalie na kanisa lake la watawa lenye mnara wa mbao na matofali, Brengues, Marcilhac na abasia iliyobomolewa wakati wa Vita vya Miaka Mia, kati ya Ufaransa na Uingereza, ambayo haikurudia ukubwa wake tena, Sauliac, Cabrerets.

Cabrerets ndipo lilipo pango la Pech Merle. Vijana wawili wa hapo waliligundua mwaka 1922, na ndani kuna farasi wawili wa madoadoa waliochorwa yapata miaka 29,000 iliyopita, na pembeni yao alama za mikono ya watu. Hilo ni pango lenyewe, si nakala. Wageni wanaoruhusiwa kwa siku ni 700 tu, ili hewa ya pumzi isiharibu michoro. Unasimama umbali mfupi kutoka ukutani na unauona mkono wa mtu, vidole vyote vitano, rangi nyeusi imepulizwa kuuzunguka. Kwangu mimi hilo peke yake latosha kuamua safari.

Mbele kidogo, Bouziès, Célé umeshaingia Lot, na kuna njia iliyochimbwa ndani ya jabali lenyewe karne ya 19 ili watu na wanyama wavute mashua za mizigo kwa kamba. Unatembea chini ya dari ya mwamba, mto ukiwa chini kidogo ya miguu yako, na mahali pamoja mchongaji Daniel Monnier amechonga ukutani mchongo mrefu. Mawe huweza kudondoka pale, kwa hiyo uliza kama njia iko wazi kabla ya kuitegemea. Inakuelekeza Saint-Cirq-Lapopie, kijiji kilichoning'inia juu ya Lot, ambako mshairi André Breton alinunua nyumba mwaka 1951. Ukifika adhuhuri ya Agosti utakuta umati. Lala hapo au jirani, ukipande alfajiri kabla mabasi hayajafika.

Dordogne: kwa anayetaka kitanda kimoja

Kwa mstari wa moja kwa moja Dordogne haiko mbali na Lot, na mwamba ni uleule wa chokaa, lakini matembezi ni ya namna nyingine kabisa. Bonde ni pana, mto ni mkubwa, na vivutio vimesongamana. Domme iko juu ya kilima na kuta zake za mji ulioanzishwa mwaka 1281. La Roque-Gageac imebanwa kati ya jabali na maji. Beynac na Castelnaud ni ngome mbili zinazotazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, moja ilikuwa ya upande wa Ufaransa na nyingine ilishikwa na Waingereza. Kote huko unaweza kufika kwa mizunguko ya siku moja ukilala mahali pamoja, Sarlat au kijiji cha jirani.

Hilo ndilo linaloifanya Dordogne iwe bora kwa familia yenye watoto, kwa wazee, na kwa kundi ambalo si wote wanapenda kutembea. Baba anaweza kupanda kilima na kijana wake, mama na bibi wakateremka mto kwa mtumbwi wa kukodi, na wote wakakutana kula. Siku ya soko Sarlat, Jumatano na Jumamosi, hakuna anayechoka.

Upande wake wa pili lazima usemwe. Barabara ya bondeni ina magari mengi sana Julai na Agosti, na kati ya kijiji na kijiji mtembeaji akifuata mto hujikuta pembeni ya lami. Njia nzuri ni zile zinazopanda juu ya vilima na kuteremka tena, kwenye misitu ya mialoni na mashamba ya mijozi. Jozi za Périgord zina hadhi ya asili iliyolindwa kisheria tangu 2002. Utachoka zaidi, lakini utakuwa peke yako. Na vitanda vya mtembeaji wa usiku mmoja ni vichache kuliko Lot. Wenye vyumba wengi, hasa majira ya joto, wanapenda mgeni wa siku kadhaa.

Kuhusu mapango, Dordogne ina jina kubwa zaidi, lakini soma vizuri unachokinunua. Lascaux iligunduliwa Septemba 1940 na kufungwa kwa umma mwaka 1963, na unachoonyeshwa leo Montignac ni nakala kamili iliyofunguliwa Desemba 2016. Ni kazi ya hali ya juu, na watoto huielewa kuliko pango la kweli. Anayetaka michoro yenyewe aende Font-de-Gaume, Les Eyzies, ambako nafasi ni chache na hugombaniwa. Ukipenda sana habari hizo, hamishia kambi yako bonde la Vézère, tawi la mto huo, badala ya Dordogne yenyewe. Les Eyzies ina kituo cha treni, GR36 inapita, na barabara imetulia zaidi.

Na kuna sehemu moja ambayo ningeiweka kwenye matembezi yoyote ya hapa: ngome ya Les Milandes, upande wa Castelnaud. Josephine Baker, mwimbaji na mcheza dansi Mmarekani mweusi aliyekuja kuwa Mfaransa, alianza kukaa humo kama mpangaji mwaka 1937 na akainunua mwaka 1947. Humo alilea watoto 12 aliowaasili kutoka nchi na dini mbalimbali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya ujasusi kwa ajili ya Ufaransa Huru, upande uliopinga uvamizi wa Wajerumani. Madeni yakamzidi, akatolewa katika nyumba hiyo mwaka 1969. Tarehe 30 Novemba 2021 aliingizwa Panthéon mjini Paris, jengo la kuwaenzi watu wakuu wa taifa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Ukifika kwa miguu kutoka Castelnaud, kupitia msituni, unaiona nyumba hiyo kama walivyoiona watoto waliokuwa wakirudi kutoka kucheza, na hilo ni jambo tofauti na kushuka kwenye basi.

Cévennes: kwa mwenye miguu

Cévennes si mahali pa kujaribia viatu vipya. GR70, inayojulikana kama njia ya Stevenson, inafuata safari aliyoifanya mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson mwaka 1878 kutoka Le Monastier-sur-Gazeille hadi Saint-Jean-du-Gard, siku 12, akiwa na punda jike aitwaye Modestine aliyemnunua kwa faranga 65 na glasi ya brandi. Unaanza kwenye nyanda za majani, unapanda Mont Lozère, unateremka kwenye mabonde marefu, unapanda tena. Kilele cha Finiels kina mita 1,699, na siku ya kukivuka kutoka Le Bleymard kwenda Le Pont-de-Montvert ndiyo siku ambayo watu hukumbuka.

Juu pale hakuna mti. Kinachokuongoza, mbali na rangi za GR, ni nguzo za itale zilizosimikwa wima kila baada ya hatua kadhaa, ndefu kama mtu au zaidi, ziitwazo *montjoies*. Ziliwekwa ili msafiri asipotee kwenye ukungu na theluji. Kwenye vitongoji vya mlima huo kuna pia minara midogo ya kengele isiyo ya kanisa lolote: tufani ya theluji ikianza, kengele ilipigwa mfululizo ili aliye nje afuate sauti mpaka nyumbani. Ukishaviona vyote viwili unaelewa kwamba jua la asubuhi mlimani hapo si la kuaminiwa, na unaweka koti la mvua juu ya begi, si chini.

Ukivuka mlima, nchi inabadilika. Itale inaisha, inaanza miamba ya tabaka nyembamba, na miteremko mikali imekatwa matuta ya ngazi yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, kazi ambayo mkulima wa Machakos angeitambua mara moja. Humo ndimo ilimokuwa miti ya chestnati, ambayo watu wa hapo waliiita mti wa mkate, kwa kuwa tunda lake lilikaushwa na kusagwa unga uliowavusha kipindi cha baridi. Bado utapita karibu na vibanda vya kukaushia, vya ghorofa mbili ndogo: chini moto wa polepole unaofuka kwa wiki kadhaa, juu matunda yametandazwa kwenye fito.

Milima hii pia ilikuwa kimbilio la Waprotestanti. Mfalme Louis XIV alipofuta mwaka 1685 amri iliyowaruhusu kuabudu, waliendelea kukusanyika porini kwa siri, na mauaji ya padri du Chayla pale Le Pont-de-Montvert, Julai 1702, yaliwasha vita vya Wakamisardi, waasi wa Kiprotestanti wa milima hii. Nyumba nyingi za mashambani zina kaburi la familia bustanini, kwa sababu Mprotestanti alinyimwa nafasi katika makaburi ya Wakatoliki. Ukiyaona, pita kwa heshima. Ni nyumbani kwa watu.

Punda? Ndiyo, wapo wa kukodi, na kwa mwenye watoto wadogo ni msaada wa kweli. Punda hubeba kiasi cha kilo 40, na mtoto aliyekataa kutembea na wazazi hutembea vizuri akipewa kamba ya punda. Lakini mwendo unapungua, kila kituo lazima kiwe na malisho, na nafasi huwekwa miezi mingi kabla. Mtembeaji wa kawaida asihangaike naye.

Ukiilinganisha na Lot: Cévennes ina maji zaidi, hewa baridi zaidi wakati wa joto, na upweke zaidi. Vitanda vipo, lakini viko mbalimbali. Ukikosa nafasi kwenye kijiji hiki, kingine kinaweza kuwa upande wa pili wa mlima. Hapa simu za kuweka nafasi hupigwa kabla ya kununua tiketi ya treni.

Morvan: kwa mwenye siku mbili tatu

Morvan sitaichelewesha. Haina milima ya kutisha wala vijiji vya kupigiwa picha kila kona, isipokuwa Vézelay na basilika lake la Maria Magdalena, ambalo liko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1979. Sifa yake ni ukaribu na Paris. Unapanda treni Paris Bercy, unashuka Sermizelles, na kama kilomita 10 baadaye uko Vézelay. Kesho yake unashuka Saint-Père na kufuata GR13 kando ya mto Cure hadi Pierre-Perthuis, ambako daraja kongwe limejificha bondeni na jipya limepita juu kabisa.

Misitu yake ina historia ya jasho. Tangu karne ya 16 magogo ya kuni yalikatwa huku, yakapigwa muhuri wa mwenye mali, yakatupwa mitoni na kuelea mpaka Yonne, kisha yakafungwa makundi kwenda kupasha moto nyumba za Paris. Hata bwawa la Settons, ambalo leo watu huoga na kupiga makasia, lilijengwa karne ya 19 ili kuwapa mito maji ya kusukuma magogo. Leo sehemu kubwa ya msitu wa asili imepisha mashamba ya misonobari, na kuna siku utatoka kwenye kivuli cha mialoni ujikute kwenye mlima uliofyekwa wote, visiki tupu. Wakazi wengine wamechanga fedha kununua misitu ili isikatwe. Nalisema hili ili usifike ukashtuka, na kwa sababu linaniuma.

Majira na meza

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ya Lot na Dordogne. Agosti joto hupita nyuzi 35 mara nyingi siku hizi, na jabali la chokaa hulirudisha usoni mwako. Tahadhari moja: Mei na Septemba ndipo GR65 inapojaa, kwa hiyo weka vitanda mapema. Cévennes ni nzuri kuanzia mwisho wa Mei hadi mapema Septemba. Vuli yake ina mvua za ghafla, nzito sana, zinazojaza mito kwa saa chache. Météo-France, idara ya hali ya hewa, ikitangaza tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, usitoke, na usivuke kijito kilichobadilika rangi. Morvan hupendeza Oktoba, lakini huo ni msimu wa uwindaji, ambao kwa jumla huanza Septemba na kuisha Februari. Ukikuta kibao cha *chasse en cours*, geuza njia, na siku zote za msimu vaa kizibao cha reflekta. Kupe wapo misituni kote na wanaeneza ugonjwa wa Lyme; jikague kila jioni, nyuma ya magoti na kwapani kwanza.

Chakula kinahitaji kupangwa kabla. Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa hivi, Jumapili jioni hakuna kitu, na Jumatatu duka la mikate mara nyingi limefungwa. Lot na Dordogne ni nchi ya bata: bata aliyepikwa polepole katika mafuta yake, ini la bata, viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayohayo, na kijibini kidogo cha mbuzi cha Rocamadour. Cévennes kuna jibini ya mbuzi ya pélardon, asali, chestnati na soseji za nguruwe. Morvan kuna nyama ya nguruwe iliyokaushwa na ng'ombe wa Charolais. Muislamu asitarajie nyama halali kwenye meza hizi, na ajue kwamba michuzi mingi ina mvinyo. Unapoweka nafasi sema wazi, *sans porc, sans viande, sans alcool* (bila nguruwe, bila nyama, bila pombe), na utawekewa mayai, mboga, dengu na jibini, mara nyingine samaki. Wenyeji hupokea ombi hilo vizuri wakiambiwa siku mbili kabla. Wakiambiwa mezani, sufuria imeshaiva.

Kwa hiyo

Mwenye watoto au wazazi aende Dordogne, nje ya Julai na Agosti, akodi gari na kulala mahali pamoja. Aliyezoea milima na anayetaka kimya achukue Cévennes. Asipokuwa na siku 12, nusu ya kusini, kuanzia Le Bleymard, ndiyo yenye mengi. Anayeishi Paris au Brussels na ana wikendi ndefu aende Vézelay.

Wengine wote, na hasa anayeanza, ningewapa Célé: treni hadi Figeac, miguu siku tano au sita kupitia Espagnac, Marcilhac, Cabrerets na Saint-Cirq-Lapopie, kisha kufuata Lot hadi Cahors na daraja lake la Valentré la karne ya 14, ambako kuna treni ya moja kwa moja ya kurudi Paris Austerlitz, mwendo wa saa tano na zaidi kidogo. Weka nafasi ya Pech Merle kabla ya kitu kingine chochote, ndipo upange vitanda kufuatana na siku na saa uliyopewa.